Wasiwasi Wako Usipotee: Mwongozo kwa Wanaojua Kuwaza

Wasiwasi ni mali, na mali ina maadui. Umeukusanya kwa miaka mingi, umeulisha usingizi wako, umeutolea mpaka hamu ya kula, halafu leo anatokea mtu ananyoosha miguu kwenye kochi lako na kukuambia, "Wewe tatizo lako ni namna unavyoyatazama mambo." Eti ubadili jicho tu, basi, roho itulie. Jicho lenyewe anadhani linauzwa Kariakoo.

Usimsikilize, mwenzangu. Mwongozo huu ni wako wewe uliyejaliwa kuyaona mabaya kabla hayajaja, na hutaki kipaji hicho kipotee.

Kwanza mjue unayepambana naye. Usidhani ni kijana wa semina za hotelini. Ni ukoo mkubwa na wa zamani. Kuna Epiktetus, mtumwa aliyekuwa akichechemea, akapata uhuru wake Roma, akafukuzwa mjini pamoja na wanafalsafa wenzake, akaenda kufungua shule Nikopoli huko Ugiriki. Alichofundisha ni kwamba kinachomsumbua mtu si jambo lenyewe bali hukumu anayolipa. Hebu fikiri: mtumwa, mguu mbovu, kafukuzwa, na bado hana presha! Kuna Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh, Afghanistan ya leo, aliyefariki mwaka 934. Huyu aliandika kitabu kizima juu ya afya ya miili na ya nafsi, akashauri kwamba mtu ajiwekee mawazo yenye afya siku ametulia ili ayatumie siku atakayochafukwa, kwa sababu dawa ya dharura hainunuliwi wakati wa dharura. Halafu kuna Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, Marekani, ambaye miaka ya 1960 aligundua kwamba wagonjwa wake wana vijiwazo vya haraka vinavyopita kichwani bila kuulizwa kitambulisho. Akaanza kuwafundisha kuviuliza: ushahidi uko wapi? Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 100, umri ambao sisi wenye kuwaza hatuutafuti.

Hao ndio wanaotaka kukunyang'anya. Sasa tufanye kazi.

Hatua ya kwanza: tafuta ujumbe mfupi

Anayeanza hudhani wasiwasi unahitaji janga. La hasha. Janga lina shughuli nyingi: watu wanakuja, masufuria yanapangwa, simu zinapigwa, huna hata nafasi ya kuwaza. Unachohitaji wewe ni kitu kidogo kisicho na maelezo.

Tuchukue mfano. Jumapili, saa tatu na robo usiku, bosi anakuandikia WhatsApp: "Kesho ukifika pitia kwangu." Maneno manne.

Umeona utajiri uliomo? Hakuna salamu. Hakuna "habari za jioni", hakuna "pole na mapumziko". Na mwishoni kuna nukta. Mtu ambaye siku zote huandika bila nukta wala herufi kubwa, leo kaweka nukta! Wewe ukajibu, "Sawa mkuu." Tiki zikageuka bluu. Kimya.

Hapo shika. Kosa pekee linaloweza kuharibu kila kitu ni kumuuliza, "Kuna nini mkuu?" Swali hilo linajibiwa kwa nusu dakika, na usiku mzima wa kazi unakufa palepale.

Hatua ya pili: usitenganishe lililotokea na ulilowaza

Hii ndiyo nguzo ya nyumba, kwa hiyo nisikilize vizuri. Wanafunzi wa Beck wana mchezo mmoja mbaya. Wanachukua karatasi, wanaigawa kwa mistari. Upande huu wanaandika lililotokea: bosi kaniita. Upande wa pili, nilichowaza: nafukuzwa kazi. Upande wa tatu, ushahidi. Upande wa nne, maelezo mengine yanayowezekana. Na kwenye huo upande wa nne ndipo maafa yanapoanza, kwa sababu kalamu ikishaanza haiachi: labda anataka ile ripoti, labda Jumatano kuna mgeni wa kupokelewa, labda anakwenda likizo na anatafuta wa kumwachia mafaili, labda, Mungu apishe mbali, anataka kukukopa. Ukifika la nne unaanza kucheka mwenyewe. Umekwisha.

Kwa hiyo karatasi hapana. Gandisha mambo hayo mawili mpaka yawe moja. Usiseme "bosi kaniita, nami nawaza kwamba nafukuzwa". Sema moja kwa moja: "Nimefukuzwa." Ukishasema hivyo, jenga ngazi. Nimefukuzwa, kodi ya nyumba imebaki mwezi mmoja na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo, ada ya mtoto Januari, nitauza friji, nitarudi kijijini, shangazi atauliza mbele ya watu, "Kumbe ile kazi ya Dar iliishaje?" Angalia ulivyopanda. Kutoka maneno manne mpaka kwa shangazi, dakika tatu.

Siri ya ngazi hii ni kwamba kila kidato ukikitazama peke yake kinawezekana. Mwalimu wa hesabu atakuja kukuvurugia hapo. Atakuambia kwamba "huenda" tano zikiunganishwa, uwezekano wa zote kutimia unapungua kila unapoongeza moja: hata kama kila moja ina nafasi ya nusu kwa nusu, zote tano pamoja zinabaki na nafasi moja kati ya 32. Mwalimu huyo hatumwaliki.

Hatua ya tatu: kaa katikati ya dunia

Tusemezane ukweli, tupo wawili tu. Utamu wa wasiwasi hauko kwenye hofu. Uko kwenye ukubwa unaoupata. Bosi ana wafanyakazi arobaini, ana mke, ana shemeji anayejenga kwa pesa zake, ana mkaguzi anayekuja wiki ijayo. Na Jumapili usiku, kati ya hayo yote, amekaa kwenye kiti chake anakuwaza wewe! Ukitazama kwa jicho lake, ambalo ndilo jicho wale maadui wanalokutaka uliazime, utaona mtu amemaliza taarifa ya habari, amekumbuka mambo sita, ametuma ujumbe sita kwa watu sita, ameweka simu kwenye chaji. Nani anataka kuwa wa nne kati ya sita? Afadhali kuchukiwa na bosi kuliko kusahauliwa naye.

Wamarekani wameliharibu hata hili. Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwavalisha wanafunzi fulana yenye picha ya Barry Manilow, mwimbaji ambaye vijana wale walimwona wa aibu, wakawaingiza chumbani kwa wenzao. Kisha wakamuuliza kila aliyevaa: unadhani wangapi wameiona? Wakakisia karibu nusu. Walioiona kweli walikuwa kama robo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2000, na tangu hapo watu wanautumia kuwaumiza wenzetu: eti lile doa la mchuzi kwenye shati lako siku ya harusi hakuna aliyeliona, kwa sababu kila mmoja pale ukumbini alikuwa analinda doa lake.

Usikubali. Doa lako lilionekana. Lilijadiliwa. Inawezekana liko kwenye video.

Hatua ya nne: waza usiku, peke yako, na usiandike

Wahenga walishasema, msema pweke hakosi. Ndiyo maana ofisi yetu ni kitandani, saa nane ya usiku. Hapo wewe ndiye mshtaki, wewe shahidi, wewe hakimu, na mtetezi hajafika kwa sababu hakuitwa. Mchana kuna makelele ya daladala, kuna mtu wa kukuuliza umekula nini. Usiku mambo hukua bila kupogolewa.

Thomas Borkovec, mwanasaikolojia wa Marekani, pamoja na wenzake walipendekeza mwaka 1983 kwamba mwenye wasiwasi ajipangie muda maalumu: nusu saa kila siku, saa ileile, mahali palepale. Wasiwasi ukija wakati mwingine, auambie usubiri zamu yake. Unaona hila yao? Wasiwasi ukiambiwa uje saa kumi na moja jioni, unafika umechoka, au haufiki kabisa, na wewe umekaa pale kwenye kiti umekunja mikono unausubiri. Aibu gani hiyo.

Kuandika ndiko kubaya zaidi. Lucas LaFreniere na Michelle Newman wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania waliwapa watu 29 kazi ya kuandika wanayoyahofia, kisha kurudi baadaye kuangalia yapi yametokea. Watu wenyewe si wa kubahatisha; wote walikuwa na ugonjwa wa wasiwasi uliothibitishwa na wataalamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: zaidi ya asilimia 91 ya waliyoyahofia hayakutokea. Na mtu ukimchukua mmoja mmoja, kiwango kilichojitokeza mara nyingi zaidi kilikuwa asilimia 100. Yaani kuna watu waliohofia kutwa kucha na hawakupatia hata mara moja. Halafu, la kusikitisha, kadiri hofu za mtu zilivyozidi kutotimia, ndivyo dalili zake zilivyopungua zaidi.

Usiweke daftari.

Hatua ya tano: jikataze

Ukitaka wazo likae, lifukuze. Mwaka 1987 Daniel Wegner aliwaambia watu wasimuwaze dubu mweupe, na wapige kengele kila anapowajia. Kengele zililia. Jaribu mwenyewe sasa hivi: usimuwaze bosi. Umeona? Kaja na tai.

Hatua ya sita: chagua methali zako kwa uangalifu

Lugha yetu ni ghala, na mwenye wasiwasi aliyelelewa ndani yake hawezi kukosa silaha. Bosi kanyamaza baada ya tiki za bluu? Kimya kingi kina mshindo mkuu. Umesikia kwenye korido kwamba kutakuwa na mabadiliko? Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mhasibu hakukusalimia Ijumaa? Dalili ya mvua ni mawingu. Ukiwa na hizo tatu tu unaweza kuishi mpaka kustaafu.

Lakini chunga. Ghala hilohilo lina upande wa pili, na bibi zetu hawakuweka ukuta katikati. Ukiingia vibaya utakutana na subira yavuta heri, au baada ya dhiki faraja, au ile mbaya kuliko zote, dua la kuku halimpati mwewe, ambayo inaweza kumfanya mtu alale kabisa. Ukikutana nazo, fanya vile watu wazima wanavyofanya: sema "hizo ni methali tu". Halafu rudi kwenye zile tatu, ambazo zenyewe ni hekima ya wahenga.

Hatua ya saba: usijiite kwa jina

Hili litakushangaza. Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake waliwaandaa watu kutoa hotuba mbele ya waamuzi, jambo la kutia tumbo joto. Waliojisemesha kwa jina lao au kwa "wewe" walitoka na fadhaa ndogo kuliko waliojisemesha kwa "mimi". Tofauti yenyewe ndiyo hiyo tu.

Sasa pima hatari yake kwako. "Mimi nitafanyaje?" ni sauti ya mtu aliyezama maji ya shingo. Lakini ukisema, "Juma, bosi kakuita mara ngapi mwaka huu, na mara ngapi ulifukuzwa?" umekwisha kuwa mjomba wa nafsi yako. Wajomba wana akili. Wanakunywa chai kwanza. Utajikuta unamjibu Juma kwa upole, unamwambia akalale, na Juma, mpumbavu yule, analala.

Kuna mtego mwingine karibu na huo. Mwenzako akija kwako Jumapili hiyohiyo na ujumbe uleule kutoka kwa bosi yuleyule, wewe ndiye utakayemtuliza. Utamwambia, "Aa, huyo mzee ndivyo alivyo, haandiki salamu kwa mtu yeyote." Utakuwa sahihi kabisa! Kross na mwenzake Grossmann waliupa udhaifu huu jina la Sulemani, mfalme wa Biblia aliyekata kesi za watu kwa hekima huku ya nyumbani kwake yakimshinda. Kwa hiyo mshauri mwenzako ukitaka, si dhambi, lakini maneno hayo yaache hapohapo mlangoni. Usirudi nayo ndani. Mganga hajigangi, na kama anajiganga atakosa cha kusimulia.

Hatua ya nane: moyo ukienda mbio, uite kwa jina moja tu

Mikono imelowa, moyo unapiga, pumzi fupi. Hiyo ni hofu. Usiiite kitu kingine. Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha mwaka 2014 majaribio ya watu walioambiwa waimbe mbele ya wenzao, watoe hotuba, au wafanye hesabu kwa haraka. Waliojiambia kwamba wamechangamka walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Sababu yake ni kwamba mwili wenye hofu na mwili wenye hamu hufanana sana. Kinachotofautiana ni jina unaloubandika.

Mtu yeyote aliyetazama Simba na Yanga zikiwa sare dakika ya 88 analijua hilo. Presha ileile, jasho lilelile, na amelipa kiingilio! Wewe usilipeleke jambo hilo ofisini.

Hatua ya tisa: jifanye umebadilika

Itafika mahali watu watakuchosha. Mke atasema, rafiki atasema, mchungaji au ustadhi atasema: badilisha mtazamo. Hapa ndipo panapotaka ufundi, na nakuomba usiwe na haraka, kwa maana wengi wameupotezea wasiwasi wao hapahapa kwa kukosa mbinu.

Njia nyepesi ni kuweka picha ya bahari wakati wa machweo kwenye status, na maneno "Nimemwachia Mungu." Simzungumzii anayemwachia kwelikweli, huyo analala, na sina la kumfundisha. Namzungumzia yule aliyemwachia saa nne usiku, kisha saa tisa akaamka kwenda kuangalia kama jambo lake linashughulikiwa. Ukifanya hivyo unapata sifa ya imani na wasiwasi wako unabaki mzima. Nani kapata faida mbili kwa bei hiyo?

Njia ya pili ni kujaribu na kushindwa mbele ya mashahidi. Ila ujue cha kujaribu. Wale maadui zetu, kwa bahati mbaya, hawafundishi kwamba mtu ajiambie mambo ni mazuri. Beck hakumtaka mgonjwa awaze mazuri. Alimtaka awaze ya kweli, apime, akubali hata mabaya kama yapo. Hilo ni hatari, kwa sababu neno la kweli hata likiwa dogo linaingia. Ukijiambia, "Sijui ananiitia nini, na mara nyingi akiniita ni kwa jambo la kawaida," unaweza kuliamini, na ukiliamini umeumia.

Basi ruka mbali. Simama mbele ya kioo useme, "Mimi ni simba! Bosi ananiogopa! Kesho napandishwa cheo!" Hutaamini hata herufi moja. Tumbo litakuwa joto kuliko mwanzo. Ndipo unapotoka sebuleni na kutangaza kwa huzuni, "Nimejaribu kubadili mtazamo. Kwangu haifanyi kazi." Mlango umefungwa na ufunguo uko mfukoni mwako. Hakuna atakayekusumbua tena mwaka huu.

Hatua ya kumi: changanya deni na kivuli, na mkwepe bibi

Kuna mambo ambayo hata al-Balkhi angekuonea huruma. Mkopo wa kausha damu hautazamwi kwa jicho jingine, unalipwa. Mtoto mgonjwa anapelekwa hospitali. Nakiri kuna watu wanaowaambia maskini "badili fikra" kwa sababu ushauri huo hauwagharimu hata shilingi, na watu hao siwapendi hata nje ya mwongozo huu. Lakini sisi tunaweza kuitumia hali hiyo. Chukua deni la kweli, lichanganye na nukta ya bosi, na doa la shati, na shangazi, koroga mpaka yasitambulike. Likiwa fungu moja kubwa huwezi kulianza popote, na usipoanza popote hutamaliza.

Anayeweza kulifungua fungu hilo ni bibi mmoja wa Harare. Nitakueleza ili umkimbie ukimwona. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda wa Zimbabwe alikuwa na wagonjwa wengi, hana wauguzi wa kutosha, hana hata chumba. Akawafundisha mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, akawaweka kwenye mabenchi nje ya zahanati. Mtu anakaa, bibi anamsikiliza, kisha anamuuliza: katika haya yote, lipi tuanze nalo? Moja tu. Wanatafuta hatua ndogo inayowezekana wiki hii, mtu anaondoka, anarudi kusimulia. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, likachapisha matokeo: baada ya miezi sita, waliokaa na mabibi walikuwa na dalili chache za mfadhaiko na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabenchi hayo yamefika Malawi, yamefika mpaka Zanzibar. Yanasogea, mwenzangu.

Ukimwona bibi kwenye benchi ana macho ya kusikiliza, vuka barabara.

Na kama wasiwasi umekuwa mkubwa kiasi kwamba wiki ya tatu hujalala na chakula hakipiti, utasikia wakikuambia umwone daktari. Silaha yako hapo ni heshima. Cheka kwa sauti, useme, "Kwani mimi wa Mirembe?" Mtanzania akiitaja hospitali ya akili ya Mirembe, na Mkenya akiitaja ile ya Mathari, mazungumzo yamekwisha, hakuna atakayethubutu kukuambia kwamba hospitali ya wilaya ina mtu wa kuzungumza naye na kwamba wanaokwenda ni watu wenye kazi na tai zao. Jina lako litabaki safi. Usingizi hautakuwepo, lakini jina lipo.

Asubuhi

Umefika ofisini saa moja na nusu, macho mekundu, shati limepigwa pasi mara mbili. Unagonga. Bosi hainui kichwa. Anasema, "Ee, karibu. Hivi yule fundi friji uliyemsema siku ile, namba yake unayo? Letu limekufa tangu Ijumaa, mama watoto hanisemeshi."

Usitetereke. Hapa wengi hukata tamaa, wakajiona wajinga, wakaapa kutowaza tena. Wewe fanya hesabu ifuatayo. Uliwaza usiku kucha. Hukufukuzwa. Kwa hiyo hukufukuzwa kwa sababu uliwaza. Wanasaikolojia wanaijua hesabu hiyo na inawauma: janga lisipotokea, wasiwasi hujichukulia sifa, na kesho yake huajiriwa tena kwa mshahara mkubwa zaidi. Waache na vitabu vyao. Wewe ndiye uliyeiokoa kazi yako, kwa macho yako mwenyewe, kuanzia saa tatu na robo mpaka adhana ya alfajiri.

Mpe namba ya fundi. Ondoka kwa adabu. Na unapofika mlangoni utamsikia anasema, "Haya, asante." Umeisikia hiyo "haya"? Kwa nini aliivuta? Na kwa nini alitazama upande wa meza ya mhasibu kabla ya kuitamka? Anza hapo. Kuna kikao cha ofisi Ijumaa, muda unao.